Barua ya wazi kwa wakubwa wa filamu: yule mtu wa hotelini anaitwa nani?

Wakubwa zangu, shikamooni. Maprodyuza, madairekta, waandishi wa skripti, na nyie mnaokaa juu kabisa mnaosaini hela itoke, barua hii ni yenu nyote. Naomba hata mmoja wenu aisome mpaka mwisho maana sijaiandika kwa hasira za usiku mmoja, nimekaa nayo wiki nzima naandika nafuta naandika tena.

Nimeiangalia ile komedi yenu ya muuaji wa kukodiwa. Jina lake siliweki hapa kwa sababu waigizaji na wapiga picha walifanya kazi waliyopewa, sitaki waanze kutukanwa wao, mi shida yangu iko kwenu mlioipitisha. Mimi na mdogo wangu tuliisubiri tangu trela ilipotoka, miezi na miezi, mpaka tukawa tunaigiza ile sini ya lifti, jamaa kasimama nyuma ya mtu anayekwenda kumuua alafu anamwambia kwa adabu kabisa "samahani kaka, nibonyezee ghorofa ya nne". Siku ilipotoka tukazima taa, tukazima na simu, tukakaa. Tulicheka mara tatu. Na hizo mara tatu zote tulishazicheka kwenye trela. Kufika nusu saa ya mwisho mdogo wangu kashawasha simu yake anaperuzi, na huyu ni mtu ambaye filamu ikishaanza ukimsemesha tu anakununia mpaka kesho yake.

Naandika kwa sababu naipenda sana aina hii ya filamu. Wengine wanapenda za mapenzi, wengine za mizimu, mi ukiniambia kuna stori ya muuaji wa kukodiwa na inachekesha, nakuja. Kwa hiyo msidhani nimekuja kuponda, nimekuja kama mtu aliyeumizwa na kitu anachokipenda.

Sasa nisikilizeni. Muuaji wa kukodiwa anachekesha kwa sababu anafanya kazi ya kutisha kuliko zote kwa tabia za mtu wa kawaida kabisa. Anachelewa, anadai nusu ya malipo iliyobaki, goti linamuuma, anabishana na bosi kuhusu nauli, ana jirani msumbufu. Huku kuna dhambi kubwa, huku kuna vishida vidogo vidogo vya maisha, na kicheko kinatoka hapo katikati. Ukipunguza upande mmoja kinakauka. Nyie mmepunguza upande wa dhambi mpaka ukaisha kabisa, kwenye filamu yenu kuua mtu ni kama kuzima taa, alafu mnashangaa watu hawacheki.

Kuna filamu ya Ufaransa ya mwaka 1973, L'emmerdeur, kaiongoza Édouard Molinaro, kaiandika Francis Veber kutoka kwenye tamthilia yake mwenyewe. Naitaja kwa sababu ndo shule ya hii kazi na sidhani kama mliokaa kwenye kile kikao cha kupitisha skripti mlishawahi kuiangalia. Lino Ventura ni muuaji, kachukua chumba cha hoteli kinachotazamana na mahakama, kuna shahidi ataletwa pale na yeye anatakiwa ampige risasi kutokea dirishani. Basi. Hiyo ndo kazi yake ya siku. Chumba cha jirani kakaa Jacques Brel, yule mwanamuziki maarufu wa Ubelgiji, anacheza mtu aliyeachwa na mkewe na amekuja pale kujinyonga, anajinyongea kwenye bomba la maji, bomba linapasuka, maji yanamwagika kila mahali. Mhudumu wa hoteli anataka kuita polisi. Muuaji hawezi kukubali polisi waje maana ana bunduki chumbani, kwa hiyo anasema muacheni, nitamwangalia mimi.

Mnaona kilivyofungwa? Akimwacha yule bwana afe, polisi wanakuja. Akimsaidia, muda wa kazi unampita. Kila wema anaoufanya, anaufanya ili apate utulivu wa kwenda kuua mtu mwingine. Hakuna kichekesho hata kimoja cha kubandika, hakuna mtu anayetoa mistari ya kuchekesha akiwa anakata roho, ni watu wawili wamebanwa na kila mmoja ana shida ya kweli. Na unacheka mpaka unajishika mbavu, huku moyoni unajua kabisa kwamba yule shahidi yuko njiani anakuja.

Alafu cha ajabu, stori hiyo hiyo ilienda Hollywood mwaka 1981, ikaitwa Buddy Buddy, na aliyeiongoza ni Billy Wilder. Wilder! Mtu aliyetengeneza Some Like It Hot mwaka 1959, komedi ambayo safari yake yote inaanza wanamuziki wawili wakishuhudia majambazi wakipiga watu risasi Chicago siku ya Valentine. Walter Matthau akacheza muuaji, Jack Lemmon akacheza jirani, wawili ambao Wilder mwenyewe ndo aliwakutanisha kwenye filamu mara ya kwanza huko miaka ya 60. Ukiangalia majina peke yake unasema hapa hakuna kushindwa. Wakashindwa. Mi nilivyoiangalia naona kosa lilianza pale walipoitoa stori nje ya kile chumba, wakaongeza kliniki ya mambo ya kitandani na daktari wake, vituko vingi vya pembeni, na kila walipoenda kule kwenye kliniki, yule shahidi na ile bunduki vikawa vinasahaulika, na presha ikipungua kicheko nacho kinapungua. Wilder aliishi mpaka 2002 na hakuongoza filamu nyingine tena baada ya hiyo. Siwaambii hivi kuwatisha, nawaambia kwamba hata bingwa akiilegeza hii mashine inamshinda, sasa nyie mnaipeleka sokoni bila hata kuifunga nati.

Turudi kwenye yenu. Ile sini ya korido. Steringi anaongea na binti yake kwa simu, ni siku ya kuzaliwa ya mtoto, anamwimbia, huku mkono wa pili unaua walinzi. Nilihesabu, walinzi kumi na moja. Wimbo wa mapenzi wa zamani unapiga, kamera inazunguka, damu inaruka pole pole. Naamini kwenye karatasi ilionekana ni bonge la sini na kuna mtu kikaoni alipiga meza akasema hii ndo yenyewe. Ila wale kumi na moja hawana nyuso. Wanatokea mlangoni wanaanguka, wanatokea wanaanguka, kama makopo yaliyopangwa ukutani. Hakuna anayeogopa, hakuna anayegeuka kukimbia, hakuna hata mmoja anayesema jamani nina watoto nyumbani. Basi na anayewaua hatishi, na kama hatishi, kumwimbia mtoto wake kunakuwa hakuna maana yoyote, ni baba anaongea na simu tu. Mngeweka mlinzi mmoja. Mmoja tu, mwenye jina kwenye kitambulisho kifuani, anayejua kwamba anakufa na anausikia ule wimbo wa bethidei ukitoka kwenye simu. Hapo mtazamaji angeshindwa kujua acheke au afumbe macho, na hiyo hali ya kushindwa kujua ndo tunayoilipia.

Tena wapo waliothubutu. Martin McDonagh mwaka 2008 alitoa In Bruges, wauaji wawili wametumwa wakajifiche kwenye mji mmoja wa Ubelgiji mpaka bosi apige simu. Inachekesha vibaya sana, matusi, ubishi, watalii, kila kitu. Lakini chini yake kuna kitu kimoja, yule kijana, Colin Farrell, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumuua padri, na risasi ikampata mtoto aliyekuwa anasubiri zamu yake ya kuungama. Mkononi mtoto ana karatasi kaandika dhambi zake, na mojawapo ni kwamba hesabu zinamshinda. Nilipoiona ile karatasi mara ya kwanza nilisimamisha filamu nikatoka nje kidogo. Alafu nikarudi nikacheka tena, dakika kumi baadaye, kicheko kikubwa kuliko cha mwanzo. Sasa niambieni, kwa nini yule mtoto hakuiua komedi? Mi nasema yule mtoto ndo aliyeibeba. Kila utani wanaotaniana wale wawili unajua wanautumia kukimbia ile karatasi.

Nataka niseme na jambo lingine ambalo linanikera zaidi kwa sababu lilikuwa rahisi kulirekebisha, ni suala la kusoma. Nyie mnatengeneza filamu kuhusu kazi ambayo inaonekana hamjaichunguza hata mchana mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham City, Uingereza, walitoa utafiti mwaka 2014, walichambua kesi 27 za mauaji ya kukodiwa zilizotokea Uingereza kuanzia 1974 mpaka 2013. Unajua walikuta nini? Hakuna suti nyeusi pale wala mkoba wenye namba za siri. Wastani wa malipo ulikuwa paundi 15,180, na kuna aliyeua kwa paundi 200, mia mbili tu, na alikuwa kijana wa miaka 15. Waliouawa, wengi walikuwa kwenye mitaa ya kawaida wanaendelea na shughuli zao. Na waliotoa kazi sio mabwana wakubwa wa madawa peke yao, ni waume na wake waliochokana, ni watu waliokosana kwenye biashara. Sasa hapo kuna filamu au hakuna? Kuna huzuni, kuna upuuzi wa kutisha wa binadamu anayekaa anapiga hesabu kwamba kumtoa mwenzie duniani ni rahisi kuliko kukaa naye mezani wakaongea. Mwandishi mzuri angelia na kucheka kwenye ukurasa mmoja. Nyie mmetupa shirika la siri lenye makao chini ya ardhi na wauaji wenye tatuu zinazofanana.

Au chukueni yule bwana wa Houston, Gary Johnson, ambaye Skip Hollandsworth alimwandika kwenye jarida la Texas Monthly mwaka 2001. Kazi yake ilikuwa kujifanya muuaji wa kukodiwa ili polisi wawakamate wanaotaka kukodi. Nje ya hapo alikuwa anafundisha saikolojia chuoni na anafuga paka, mtu mpole tu. Kila mteja anamjia na picha yake kichwani ya muuaji anavyotakiwa kuwa, na yeye anaisoma ile picha anajigeuza kuwa hiyo. Richard Linklater akaitengenezea filamu, Hit Man, ikaonyeshwa kwanza Venice 2023. Mi kilichonikaa kichwani ni kwamba wale wateja walikuwa wanakodi kitu walichokiona kwenye sinema. Yaani picha mnazotengeneza nyie zinaingia vichwani mwa watu mpaka mtu anakwenda kukaa na mgeni kwenye gari anamwambia nataka mke wangu afe na anategemea huyo mgeni ataongea kama steringi. Mkiwa na nguvu ya namna hiyo kwa nini mnaitumia kizembe hivi?

Kuhusu mke wa steringi nisiseme mengi, kafungwa kwenye kiti kuanzia katikati mpaka mwisho. John Huston mwaka 1985 kwenye Prizzi's Honor alimpa muuaji mke ambaye na yeye ni muuaji, na kila mmoja akapewa kazi ya kummaliza mwenzake. Ni zaidi ya miaka arobaini sasa.

Na kuna ufundi. Hapa naongea na edita na waliomsimamia edita. Kuna ile tabia ya mhusika kupewa mgongo na kamera, tunaona kisogo, alafu tunasikia anasema kitu cha kuchekesha. Mdomo hatuuoni. Sisi watazamaji tunajua maana yake, maana yake filamu ilishapigwa ikaisha, mkawaonyesha watu kwa majaribio hawakucheka, mkamrudisha mwigizaji studio akaongeza utani kwa sauti mkaubandika popote pale ambapo mdomo hauonekani. Mara tisa mmefanya hivyo, nilirudia kuangalia ili nihesabu kwa haki. Na kila mara ule utani unakanyaga ukimya ambao ungekuwa mzuri. Kichekesho kinahitaji nafasi jamani. Mtu akisema jambo la ajabu, tuachieni sekunde mbili tuangalie uso wa aliyeambiwa, hapo ndo tunachekea, usoni kwa anayesikiliza. Nyie mnakata, mnakata, mnakata, ngumi, kata, kioo kinavunjika, kata, mzaha, kata, mpaka macho yanauma. Na giza lile? Nusu ya sini za usiku sijui nani alimpiga nani. Komedi ambayo huoni nyuso ni redio, na redio wangeandika vizuri zaidi.

Najua mtanijibu nini maana nimeshalisikia jibu hili kwa watu wengi, kwamba ni komedi tu, watu wanataka kupumzisha akili. Mi natoka kazini nimechoka kama mtu mwingine yeyote na nataka kupumzika kama mtu mwingine yeyote. Ila sikupumzika. Nilikaa saa mbili kasoro nasubiri kuanza kupumzika. Kitu kinachopumzisha ni kicheko cha kweli, kile kinachokutoka bila kukuomba ruhusa, na hicho hakiji kama hakuna kitu unachokiogopa kwenye stori. Alafu mkisema "watu wanataka hivi", mnatusingizia. Hatujawahi kuomba. Tulichoomba, tuliomba ile sini ya lifti, kwa sababu pale kwenye lifti yule mtu anayeombwa abonyeze ghorofa ya nne tulimwona uso, ana begi la kazini, kachoka, anabonyeza anasema "karibu". Ndo maana tuliiigiza miezi yote ile.

Ninachowaomba sio bajeti kubwa, ikiwezekana ipunguzeni. Waandishi wapeni muda. Kabla hamjasaini hela itoke, chukueni skripti muisome kwa sauti bila muziki na bila kutaja staa atakayecheza, kila anapokufa mtu simameni, ulizaneni huyu ni nani na nani atamkosa, na kama hakuna anayejua jibu basi sini hiyo haijaandikwa bado. Trela acheni kumaliza utamu wote. Na muuaji wenu muacheni akosee, muacheni aogope, muacheni hata ashindwe, maana akishakuwa hawezi kupigwa wala kuumia hakuna kitakachomtokea ambacho kitatufanya tutamani kuona dakika inayofuata.

La mwisho, nililiacha makusudi. Dakika ya arobaini hivi kuna sini fupi, sijui kama mnaikumbuka kwa sababu haipo kwenye trela. Steringi kajificha kabatini kwenye chumba cha hoteli, anamsubiri anayetakiwa kumuua. Anaingia mzee wa makamo, mnene kidogo, anakaa kitandani anavua viatu, alafu anaanza kufanya mazoezi ya kumpigia simu mwanawe. "Mwanangu, ni mimi." Anatingisha kichwa, hapana. "Habari yako, ni baba hapa." Hapana. Anaanza upya mara nne, kila mara sauti inabadilika, mara anajikaza, mara anabembeleza, unaelewa kabisa kwamba hawajaongea miaka mingi na kosa ni la kwake. Na kwenye upenyo wa kabati tunaliona jicho la muuaji, kila akitaka kusukuma mlango yule mzee anaanza tena, na yeye anarudi nyuma. Mdogo wangu alikaa vizuri, akasogea mbele, akasema "enhe". Mi nilikuwa natabasamu na roho inanidunda. Hatukucheka kwa sauti ila tulikuwa karibu sana, tulikuwa tunaelekea huko. Hapo ndipo filamu yenu ilikuwa hai. Mzee akashika simu kweli, akabonyeza namba, ikaanza kuita. Nyie mkakata mkatupeleka kwenye magari yanafukuzana, na baadaye kwenye runinga iliyo nyuma ya baa tunaona picha yake, ameshakufa, na kwenye meza ya mbele mtu anatoa utani.

Aliyeandika hiyo sini mtafuteni mumpe filamu nzima. Sijui ni nani kati ya watu watano mliowaandika kwenye skripti, ila yupo, na anaijua kazi.

Nilisubiri majina yote yapite mpaka skrini ikawa nyeusi nione yule mzee anaitwa nani. Ameandikwa "Mtu wa Hotelini". Mwandishi lazima alimpa jina, huwezi ukamwandikia mtu maneno kama yale bila kumpa jina, kuna mahali lilifutwa. Naomba mniambie aliitwa nani, na kama ile simu mwanawe aliipokea.

Mtazamaji wenu